Sufuria ya Watu Sita

Kwa miaka kumi na sita Bi Khairiya Mselem amepika chakula kisicho na chumvi. Ni mpishi katika jiko la hospitali moja hapa Carrollton, kaskazini ya Dallas, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwenye shinikizo la damu hapati chumvi, mwenye kisukari hapati sukari, na aliyepasuliwa tumbo hapati kitu chochote chenye ladha. Kila sinia linalotoka jikoni lina kikaratasi chenye jina la mgonjwa, namba ya chumba na tarehe ya kuzaliwa. Jina la aliyepika halimo. "Na afadhali," husema mwenyewe, "maana kwa chakula kile ningetafutwa."

Jumamosi huwa mtu mwingine. Ikiwa kuna harusi Haltom City, au hitima Carrollton, au mtu amepata uraia na anataka kuwalisha rafiki zake, gari la mwanawe Hudhaifa huonekana mbele ya nyumba hiyo tangu asubuhi, limebeba sufuria tatu kubwa, meko ya gesi, na mwiko ambao ukisimamishwa humfika Bi Khairiya kifuani. Watu wa Pwani na Zanzibar wanamjua. Watu wa bara wanamjua pia, kwa sababu nyama yake ni ya halali na Mkristo na Muislamu wanaweza kukaa meza moja bila mtu kuuliza kitu. Lakini ukiwauliza amepika nani, watakuambia ni yule mama wa pilau. Nimewahi kuhudhuria harusi ambayo mshereheshaji alimshukuru mpiga picha, mpambaji, aliyeleta viti na mwenye gari la maharusi, kisha akamalizia, "na akina mama wetu wa jikoni." Jikoni alikuwamo Bi Khairiya peke yake.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mtihani. Alitaka kupikia umma kwa njia ya halali, na kwa hilo alihitaji cheti cha usalama wa chakula, na mtihani wake ulikuwa wa Kiingereza cha vitabuni. Mtu alimwambia kwamba kuna msichana wa Kikisii anayesomea ukutubi na ambaye hana shughuli nyingine Jumapili. Ilikuwa kweli. Kwa miezi miwili tulikaa mezani kwake tukisoma kuku anapaswa kufika joto la kiasi gani na wali unaweza kukaa nje kwa muda gani. Alifaulu mara ya pili. Akakodi kwa saa jiko lenye leseni, akasajili biashara kwa jina lake kamili, na siku cheti kilipofika alikiegemeza kwenye birika la chai ili tukitazame.

"Sasa nataka shughuli moja kubwa," aliniambia. "Yenye ukumbi na vitambaa vya meza, na watu wajue ni nani aliyewalisha. Moja tu. Nikishaipata nitarudi kupika bila chumvi, roho yangu imetulia."

Shughuli yenyewe ilikuja mwaka huu. Kuna chama cha wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki katika Texas: wauguzi wengi, watu wa maabara, walezi wa wazee, wanafunzi wa kila fani. Kila mwaka kinafanya kongamano, mwaka mmoja Houston na mwaka unaofuata kwetu. Kuna siku mbili za mihadhara juu ya moyo na figo, lakini kinachokumbukwa ni hafla ya mapokezi ya Ijumaa jioni. Mwaka jana Houston walitupokea katika hoteli yenye taa za kuning'inia, na kuku akaisha kabla meza za nyuma hazijaitwa. Wageni kutoka Dallas ndio tuliokaa meza za nyuma. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Dallas aliyekutana na mtu wa Houston bila kumuuliza kama yule kuku ameshapatikana. Sasa zamu ilikuwa yetu, na Houston nzima ilikuwa inatusubiri tukosee.

Kamati ya mapokezi ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Dada Kathure, mzaliwa wa Meru anayeishi Cedar Hill. Ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na huongea kama mtu anayesoma kipimo cha dawa: mara moja, polepole, na hategemei kuulizwa tena. Wa pili alikuwa Patroba, mtaalamu wa upumuaji, ambaye kazi yake katika kamati ilikuwa kupinga. Wa tatu nilikuwa mimi, katibu. Nilikubali ukatibu kwa sababu katibu huandika wakati wengine wanaongea.

Februari na Machi tulizunguka kutafuta ukumbi wa watu mia nne. Ukumbi wa kanisa moja Cedar Hill ulitosha nusu yetu. Shule moja ilikuwa na ukumbi mzuri wa michezo, lakini mlinzi hufunga saa mbili usiku hata kama bwana harusi bado yumo ndani. Haltom City tulionyeshwa jengo ambalo Patroba alilipenda mpaka tone la maji lilipomwangukia kwenye paji la uso. Mwisho tukafika katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa na zulia ambalo viatu vilizama ndani yake, na mwanamke mpole aliyetuonjesha kifua cha kuku, maharagwe mabichi na mkate mdogo wa duara. Kila kitu kililetwa katika visahani vya watu sita, kimepangwa kama dawa. Hakikuwa kibaya. Dada Kathure aliuliza kama tunaweza kuleta mpishi wetu, mwanamke yule akasema kwa upole uleule kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi, na chakula kinachobaki hakitoki.

"Hakitoki kwenda wapi?" Patroba aliuliza.

"Popote, bwana."

Tulipofika kwenye gari Patroba alisema kwamba yeye hawezi kumwalika mama yake mdogo mahali ambapo hatafungiwa hata mfupa. Dada Kathure akamjibu kwamba hoteli hiyo inaweza kuhesabu watu na kuwalisha wote, jambo ambalo Houston walishindwa. Hoteli ilitupa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, kutia saini.

Ukumbi wa mwisho katika orodha yangu ulikuwa hapa hapa Carrollton. Ni ukumbi wa harusi wa mzee mmoja kutoka Hyderabad. Kwa mbele hauna la kusifia, una mapazia mekundu na viti vya dhahabu. Lakini alitupitisha mlango wa nyuma, na huko, chini ya paa la bati, kulikuwa na meko matatu ya gesi, kila moja pana kama gurudumu la lori. Alisema harusi zao haziwezi kulishwa na hoteli, kwa hiyo kila familia huja na mpishi wake, mradi ana cheti. Kinachobaki ni cha mwenye harusi. Patroba alilizunguka jiko la kwanza, akalizunguka la pili, kisha akasema, "Hapa ndipo nyumbani. Kilichobaki ni mpishi."

"Ninamjua mpishi," nikasema.

Wote wawili waligeuka. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza kunisikia nikisema jambo ambalo halikuwa kumbukumbu za kikao kilichopita.

Dada Kathure alikubali kumjaribu Bi Khairiya, lakini kwa utaratibu uleule wa hoteli, ili haki itendeke. Nikaandaa fomu. Mpishi alete chakula cha watu sita, fomu ilisema, si zaidi.

Bi Khairiya aliisoma, kisha akaenda dukani akanunua sufuria mpya. Ilikuwa ndogo na inang'aa, na aliponionyesha aliishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

Jumamosi tulikaa kwenye kimeza kidogo pembeni mwa lile jiko la kukodi. Wala sitaki kukieleza sana chakula kile. Wali wa juu ulikuwa mgumu na wa chini ulikuwa umeungua. Mdalasini ulifika mdomoni kabla ya kijiko. Nyama ilikuwa mbichi karibu na mfupa, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake kabla wala baada. Patroba alitafuta mzaha hakuupata, akanywa maji. Dada Kathure alikula vijiko vitatu, akavihesabu nadhani, akasema ahsante na kwamba uamuzi utatolewa kabla ya Ijumaa. Alisema kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyoumiza.

Walipoondoka Bi Khairiya alikisugua kile kisufuria kwa muda mrefu. Nilijaribu kumwambia kwamba bahati mbaya hutokea. Kisha akakiweka chini, akakitazama.

"Moraa, mwanangu," alisema, "mimi tangu nizaliwe sijawahi kupika chakula cha watu sita."

Akaanza kunieleza. Kwao Malindi walikuwa kumi na wanne kabla mgeni hajabisha hodi. Mama yake alikuwa mpishi wa arusi, na yeye alijifunzia kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kulala ndani. Bizari hupimwa kwa konzi, na konzi moja ni ya ratili kadhaa za mchele. Ukitaka kulisha watu sita unafanya nini, unakata mkono? Maji anayajua kwa sauti yake yanapochemka kwenye chombo kikubwa. Uzito wa wali wenyewe ndio unaoivisha wali wa chini yake. Na hapa Amerika, alisema, wakiwa wawili tu yeye na Hudhaifa, hula mkate na chai siku sita, na siku ya saba hupika kwa ajili ya mtaa.

"Kwa nini hukusema, Bi Khairiya?"

"Fomu ilisema sita."

Hapo ndipo nilipoona kosa lilikuwa la nani. Fomu ile niliiandika mimi. Niliinakili kutoka kwenye karatasi ya hoteli, neno kwa neno, kwa sababu ilionekana ya kitaalamu. Nilimfahamu mwanamke huyu kwa mwaka mzima, nilikula kwake kila Jumapili, na sikujiuliza hata mara moja kwa nini kila Jumapili kulikuwa na majirani saba mezani.

Huwa sipigi simu. Niliandika ujumbe kwa Dada Kathure nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta, mwishowe Jumatatu asubuhi nikapiga.

"Moraa? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamweleza mambo ya sufuria, konzi na uzito wa wali, nikijua kwamba naongea kwa haraka mno.

"Fomu inasema watu sita," alisema.

"Fomu niliiandika mimi, Dada Kathure. Niliinakili ya hoteli."

Nikasikia sauti ambayo baadaye nilielewa kwamba ilikuwa kicheko. Akasema atakuja Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni akitoka kazini, kwenye ule ukumbi wa harusi, na Bi Khairiya apike sufuria anayoijua. "Lakini watu wa kula utawatafuta wewe," alisema. "Sitaki chakula cha watu mia kitupwe kwa sababu ya fomu."

Mwenye ukumbi alikubali, kwa kuwa Alhamisi hana harusi. Nikatuma ujumbe kwenye makundi matano: la wauguzi, la kwaya, la akina mama wa msikiti, la wanafunzi na la timu ya mpira. Niliandika kwa adabu, nikaomba kila mtu anijulishe kama atakuja. Mpaka Jumatano jioni walikuwa wamejibu kumi na mmoja. Mmoja wao aliuliza kama watoto wanaruhusiwa, na mwingine aliandika "Amina" bila maelezo.

Nilimpelekea Bi Khairiya hesabu hiyo nikiwa karibu kulia. Alikuwa akiloweka mchele kwenye ndoo.

"Wamejibu kumi na mmoja?" alisema. "Hao wengi. Mwanangu, lini watu wetu wakajibu? Watu wetu huja."

Alhamisi saa kumi na moja na nusu tulikuwamo ukumbini watu watano, nikimhesabu na mwenye ukumbi. Dada Kathure aliingia na sare yake ya kazi, akaangalia viti vya dhahabu vilivyokuwa vitupu, akaangalia saa yake. Hakusema kitu. Patroba alisema, lakini sitayaandika.

Ila kutoka nyuma, chini ya lile paa la bati, ilikuwa imeanza kuja harufu. Bi Khairiya alikuwa amesimama kwenye kigoda mbele ya sufuria, ameshika mwiko kwa mikono miwili, amefunga leso kiunoni, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Jumamosi hakuimba. Sikuwa nimelitambua hilo mpaka nilipomsikia.

Kwanza wakaja kwaya, kumi na wanane, kwa sababu Alhamisi ni siku ya mazoezi na mwalimu wao aliamua kwamba watu hawawezi kuimba na njaa. Wakaja akina mama wa msikiti na watoto wao, wakimwita Bi Khairiya kwa majina ya utani kutoka mlangoni. Wauguzi wa zamu ya usiku wakaja na sare zao ili wale kabla ya kwenda kazini. Timu ya mpira ikaja na timu waliyokuwa wakicheza nayo. Mafundi waliokuja kufunga taa za harusi ya kesho yake wakashuka ngazi. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimepita mia moja na thelathini nikaacha kuhesabu, kwa sababu mwanamke mmoja alinitia sahani mkononi akaniambia niache kusimama kama askari.

Pilau ilikuwa vile ilivyo pilau yake, kila punje imesimama peke yake, rangi ya ngozi ya mtu mwenye afya, na kachumbari ya pembeni iliyokuwa na ndimu ya kutosha. Mzee wa Hyderabad alikuja mara ya kwanza kueleza kwamba hii si biriani. Alikuja mara ya pili kueleza tofauti. Mara ya tatu alikuja na sahani bila maelezo.

Dada Kathure alikula amesimama. Kisha akakaa. Kisha sikumwona, na nilipomtafuta nilimkuta nyuma, kwenye meko, akiwa amekunja mikono ya sare yake.

"Bi Khairiya," alisema, "una karatasi ya foili?"

"Ya nini, mwanangu?"

"Nifungie ya mama. Yuko Cedar Hill. Tangu aje anasema nchi hii haina chakula."

Bi Khairiya akamtazama, akateremka kwenye kigoda, akafunga foili ambayo ingemlisha mama huyo mpaka Jumatatu.

"Katibu, andika," Patroba akasema nyuma yangu. "Mwenyekiti amefungiwa."

Niliandika. Ndiyo kumbukumbu pekee ya kikao hicho. Ijumaa asubuhi Dada Kathure aliipigia hoteli simu, akawashukuru kwa upole.

Hafla yenyewe ilikuwa Juni. Waliojiandikisha walikuwa mia tatu themanini na sita. Nilimpa Bi Khairiya idadi hiyo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa hali ya hewa ya nchi nyingine, na akawasha meko yote matatu. Saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wameanza kukaa, basi moja likaingia uani. Lilitoka Houston. Lilikuwa na watu hamsini na wawili ambao hakuna aliyejiandikisha. Mwenyekiti wao, mwanamume mcheshi aitwaye Wilbroad, alishuka wa kwanza akafungua mikono.

"Tumesikia safari hii kuna chakula," alisema. "Tukaleta mashahidi."

Nilikimbilia nyuma kumwambia Bi Khairiya. Hakugeuka. Alisema hao aliwatilia mchele tangu alfajiri, na kama kuna basi jingine waingie tu, ila wanawe mikono.

Meza za nyuma ndizo zilizoitwa kwanza. Hilo liliamriwa na Dada Kathure, na watu wa Houston, ambao kwa kuchelewa walikuwa wamekaa nyuma, hawakuelewa mara moja. Walipoelewa walicheka mpaka mmoja akalazimika kuvua miwani. Katika kila meza nilikuwa nimeweka kadi nyeupe nilizozichapisha mwenyewe, baada ya kuzisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma tasnifu yangu. Zilikuwa na mstari mmoja: Chakula kimepikwa na Khairiya Mselem, Carrollton.

Watu walikula. Wakarudi. Wakafungiwa. Katikati ya hayo Dada Kathure akashika kipaza sauti. Hakuwashukuru wapambaji kwanza. Alisema tu kwamba kuna mtu amepikia wagonjwa wa mji huu kwa miaka kumi na sita bila jina lake kuandikwa popote, na leo limeandikwa kwenye meza arobaini na nne, na anaomba tulisome wote pamoja. Ukumbi ukalisoma. Watu mia nne na zaidi wanaposoma jina moja hawalisomi sawasawa, kwa hiyo lilifika kama wimbi la viti vinavyosogezwa, lakini lilifika.

Nilikuwa nyuma naye. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu ameinyoosha, akikwangua ukoko kutoka sufuria ya tatu. Ukoko ni wa mpishi, hagawi. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, mkavu, ukivunjika kama biskuti, ukoko ambao kisufuria cha watu sita kamwe kisingeutoa. Mwiko ukasimama.

"Wamesema nani?" aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Wamesema Khairiya Mselem."

Alitafuna taratibu, akameza, akajifuta midomo kwa pembe ya leso.

"Hebu nenda ukawaambie warudie," alisema. "Walio mwisho hawakusikika."

Sikuhitaji kwenda. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa, na Wilbroad wa Houston alikuwa amesimama pale na sahani yake, na nyuma yake foleni ya mashahidi wake, akiuliza kwa sauti kubwa Bi Khairiya Mselem ni yupi, maana mwakani ni zamu yao na hawataki kukosea tena.

Bi Khairiya aliwatazama mmoja mmoja. Kisha, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akavunja kipande cha ukoko akampa Wilbroad.